Somo la Majilio kwa Jamaa: Nyumba ya Mkate wa Tangawizi

Someni kwanza: Nehemia 3:1–12 na 4:1–6, Kumbukumbu la Torati 6:4–9, Zaburi 127.



Majilio ni majuma ya kungojea. Kanisani twajua namna ya kungoja: padre huvaa zambarau, mishumaa huwashwa mmoja mmoja, na nyimbo za Krismasi twaziweka akiba mpaka siku yake. Lakini nyumbani mara nyingi hatungoji; twahangaika tu. Baba anatafuta fedha ya nguo, mama anatafuta mchele na nyama, na watoto wanaambiwa wakae mbali wasisumbue. Krismasi inapofika sisi tumekwisha choka, na watoto wameipokea kama mzigo ulioshushwa garini. Hawakutia mkono wao ndani yake.

Katika somo hili twataka kutazama desturi moja ya jamaa za Kikristo za Ulaya ya kaskazini, yaani kujenga na kupamba nyumba ndogo ya mkate wa tangawizi wakati wa Majilio. Hatuiandiki ili kila mtu aiige. Twaiandika kwa sababu ndani yake mna mafundisho yanayotuhusu, na mengine ni mazito kuliko sukari iliyo juu yake.

1. Nyumba yenyewe

Mkate huu si kama ule wa dukani. Ni kama biskuti ngumu ya rangi ya kahawia, yenye harufu ya viungo. Asali, sukari na siagi huyeyushwa pamoja motoni. Zikipoa kidogo hutiwa unga wa ngano, tangawizi, mdalasini na karafuu zilizosagwa, kisha donge huachwa lipumzike, mara nyingi usiku kucha. Kesho yake husukumwa kama chapati, likakatwa kwa kufuata vipande vya karatasi: kuta mbili za ubavuni, kuta mbili zenye ncha juu kwa mbele na nyuma, na vipande viwili vya paa. Vyote huokwa mpaka viwe vigumu.

Vikisha kupoa, jamaa wote huketi mezani. Saruji yao ni sukari iliyosagwa laini kama unga, ikapigwa pamoja na ute mweupe wa yai mpaka ikawa nzito. Kuta husimamishwa na kuungwa kwa saruji hiyo, na hapo ndipo penye fundisho la kwanza, maana hapana budi kungoja. Sukari ikiwa bado mbichi, paa huteleza na kuta zikafunguka. Kuta zikisha kushika ndipo huezekwa, na paa likisha kushika ndipo hupambwa. Mmoja hubandika peremende, mwingine lozi na zabibu kavu, mwingine huchora madirisha kwa sukari. Juu ya paa humwaga sukari nyeupe mfano wa theluji, kwa kuwa Desemba kwao ni wakati wa baridi kali.

Sisi tunaoandika somo hili tulijaribu nyumbani mwetu mwaka mmoja, kwa sufuria na makaa yaliyopaliwa juu ya kifuniko. Vipande viwili viliungua upande mmoja. Paa lilianguka mara mbili kwa sababu mwenye nyumba hakutaka kungoja. Mara ya tatu tulikwenda kusali sala ya jioni kwanza, tukarudi, tukakuta kuta zimeshika.

2. Hadithi iliyo nyuma yake

Huko Ujerumani mikate ya viungo na asali ni ya zamani sana. Mji wa Nürnberg ulisifiwa kwa kazi hiyo, kwa kuwa misitu iliyouzunguka ilitoa asali, na wafanyabiashara wa viungo walipita humo. Mwaka 1643 waokaji wa mikate hiyo mjini humo walipata chama chao wenyewe cha ufundi. Lakini nyumba ya mkate ilipata sifa yake zaidi kutokana na hadithi ya Hansel na Gretel, ambayo ndugu wawili, Jacob na Wilhelm Grimm, waliichapisha mwaka 1812. Mwaka 1893 Engelbert Humperdinck aliigeuza kuwa mchezo wa kuimbwa, ukaonyeshwa mara ya kwanza mjini Weimar tarehe 23 Desemba. Hata leo mchezo huo huonyeshwa mahali pengi katika siku za Krismasi.

Hadithi yenyewe si tamu. Njaa iliingia nchini. Wazazi maskini, walipoona chakula hakiwatoshi, waliwapeleka watoto wao wawili msituni wakawaacha huko. Watoto walitangatanga na njaa yao mpaka wakaona nyumba iliyojengwa kwa mkate, paa lake keki, madirisha yake sukari. Wakaanza kuila. Kumbe ndani alikaa mchawi mzee, naye aliijenga nyumba ile kusudi anase watoto. Mwishoni watoto walimshinda kwa akili na ushujaa wa yule binti, wakarudi kwao.

Tusiseme, "Hiyo ni hadithi ya Wazungu." Mtego ule haukuanzia kwa mchawi. Ulianzia mlangoni pa nyumba yao wenyewe, siku watoto walipotolewa nje. Mtoto aliyetolewa nje, kwa njaa au kwa maneno makali au kwa kutosikilizwa, ataingia nyumba yo yote inayoonekana tamu. Nasi twawajua watu wanaojenga nyumba za namna hiyo katika mitaa yetu. Hawajengi kwa mkate. Hujenga kwa peremende za kumpa mtoto njiani, kwa fedha kidogo ya chipsi, kwa kumpakia bure kwenye pikipiki, kwa simu ya kuchezea. Mzazi asiyejua nani anampa mtoto wake vitu vitamu, na kwa nini anampa, na aamke.

Sasa tazameni jinsi desturi hii ilivyoigeuza hadithi. Nyumba aliyoijenga mgeni ili anase watoto imekuwa nyumba ambayo baba na mama huijenga pamoja na watoto wao. Mkate ni ule ule na sukari ni ile ile. Kilichobadilika ni moyo wa mjenzi. Basi tusijiulize tu kama nyumba zetu zina vitu vitamu siku ya Krismasi. Tujiulize aliyemo ndani anawatakia nini watoto.

3. Mikono isiyoonekana mezani

Kabla ya kuendelea, yafaa tuvinuse viungo vyenyewe. Karafuu iliyomo katika mkate huo haikuota Ulaya. Asili yake ni visiwa vya Moluku, ambavyo leo ni sehemu ya Indonesia. Mwanzoni mwa karne ya 19 mikarafuu ililetwa Unguja, ikaenea na Pemba, hata karafuu za visiwa hivyo zikawa nyingi kuliko za nchi nyingine duniani. Mashamba hayo yalilimwa na kuchumwa na watumwa waliotekwa bara. Soko la watumwa la Unguja lilifungwa mwaka 1873, na mahali pake, Mkunazini, Kanisa letu la Anglikana likajenga Kanisa Kuu la Kristo. Hata hivyo utumwa wenyewe uliendelea mashambani, na sheria ya kuukomesha ilitolewa Unguja mwaka 1897.

Kwa hiyo katika miaka ile, kitu kitamu mezani pa mtoto mmoja kiliweza kuwa machozi ya mtoto mwingine aliyechukuliwa kwao. Hatusemi haya ili kuwatia watoto huzuni siku ya sikukuu. Twasema kwamba tunapokaa nao mezani, tuwaulize: Karafuu hii nani aliichuma? Sukari hii nani aliikata miwa yake? Unga huu nani aliusaga? Mtoto anayejua kuuliza hivyo amejifunza kushukuru kwa kweli, wala hatamdharau mchumaji, mkulima au mpishi.

4. Shalumu na binti zake

Sasa tufungue Nehemia sura ya 3. Wengi huiruka sura hiyo kwa kuwa imejaa majina. Ukuta wa Yerusalemu ulikuwa umebomoka na malango yake yameteketea, na watu wanagawana kazi ya kuujenga upya. Tukisoma polepole twaona mambo matatu.

Kwanza, wengine walijenga mbele ya nyumba zao wenyewe. Katika mstari wa 10 Yedaya anatengeneza kuielekea nyumba yake, na mistari ya 23 na 28 hadi 30 inataja wengine waliofanya vivyo hivyo. Ukuta wa mji mzima ulianza mlangoni pa mtu.

Pili, wako waliokataa. Mstari wa 5 wasema kwamba wakuu wa Watekoa hawakutaka kuinama kufanya kazi. Heshima yao iliwazuia.

Tatu, mstari wa 12 wamtaja Shalumu, mwana wa Haloheshi. Huyu alikuwa mtu mkubwa, mtawala wa nusu ya wilaya ya Yerusalemu. Naye alijenga, yeye na binti zake. Hatuambiwi majina ya binti hao wala umri wao, wala hatuambiwi kama sehemu yao ya ukuta ilinyooka vizuri. Twaambiwa tu kwamba walijenga pamoja na baba yao, na Maandiko yakawahesabu.

Akina baba, mstari huu ni wetu. Wako wanaume kati yetu ambao hudhani jikoni si mahali pao, na kazi ya mikono pamoja na watoto wadogo ni kushusha heshima. Baba huingia na fedha ya sikukuu, akaiweka mezani, akatoka. Amelipa, lakini hakujenga. Shalumu alikuwa na cheo kuliko wengi wetu, wala hakuona haya kubeba mawe na mabinti.

Nasi akina mama tuna kosa letu. Twapenda kitu kitoke kizuri, basi twawafukuza watoto. "Toka hapa, utaharibu!" Twapata keki iliyonyooka na mtoto aliyekunja uso. Jioni ile ya nyumba yetu ya mkate, mtoto wetu wa mwisho, mwenye miaka 5, alizibandika karanga zake zote kwenye ukuta wa nyuma. Tukamwambia anazipoteza bure, maana nyumba itaegemezwa ukutani na hakuna atakayeziona. Akajibu, "Huku nyuma ndiko anakolala bibi." Ni kweli, chumba cha bibi nyumbani mwetu kiko nyuma, na bibi alikuwa mgonjwa. Tulinyamaza. Tungalimfukuza mezani tusingalijua kwamba katika nyumba ile yeye ndiye aliyemkumbuka mgonjwa.

Ndiyo maana Kumbukumbu la Torati sura ya 6 haituagizi kuwafundisha watoto darasani tu. Latuagiza kusema nao tuketipo nyumbani, tutembeapo njiani, tulalapo na tuondokapo. Mtoto hufungua kinywa wakati mikono yake ina kazi na mzazi yu karibu naye.

5. Mji uliobomolewa

Huko Norway, katika mji wa Bergen, tangu mwaka 1991 watu hujenga kila mwaka mji mzima wa mkate wa tangawizi. Watoto wa shule za awali, wanafunzi, jamaa na wafanyakazi huoka nyumba zao na kuzileta mahali pamoja, zikapangwa kwa mamia, pamoja na makanisa, madaraja, meli na treni. Nyumba ya fundi hodari husimama karibu na nyumba ya mtoto iliyopinda.

Mnamo Novemba 2009 mtu aliingia humo na kuuharibu mji ule. Nyumba zilivunjwavunjwa, kazi ya watoto wengi sana ikawa makombo. Watu wa Bergen wangaliweza kusema, "Mwaka huu basi." Hawakusema hivyo. Walirudi majikoni mwao wakaoka tena, na mji ukasimama tena msimu ule ule.

Tobia alipouona ukuta wa Yerusalemu aliucheka, akasema hata mbweha akipanda juu yake ataubomoa (Nehemia 4:3). Kila anayejenga atachekwa, na mara nyingine kazi yake itabomolewa kweli kweli. Jamaa zetu zabomolewa. Zabomolewa na ulevi, na deni, na ugomvi wa urithi, na mauti. Wako watoto katika parokia yetu ambao Krismasi hii watakaa mezani penye kiti kitupu. Je, wanajua namna ya kujenga tena? Mtoto aliyeona paa la sukari likianguka, akamwona baba yake hakukasirika bali akacheka na kusema, "Haya, tuanze upya," amepata akiba ya siku ngumu. Siku kitu kikubwa kitakapovunjika atakumbuka kwamba nyumbani kwao vitu vilipovunjika watu hawakukimbia wala kupigana. Walikaa wakaunganisha.

Wala si kwa nguvu zetu. Zaburi ya 127 yatukumbusha kwamba wajenzi hufanya kazi bure kama Bwana mwenyewe haijengi nyumba hiyo. Na Zaburi hiyo hiyo, ikisha kusema habari za nyumba, yaendelea kusema habari za watoto. Ni jambo moja.

6. Nyumba hii huvunjwa na kuliwa

Jambo la mwisho katika desturi hii. Nyumba ya mkate haihifadhiwi milele. Huko Sweden jamaa nyingi huiacha mpaka tarehe 13 Januari, iitwayo siku ya Knut, ambayo ni siku ya 20 tukihesabu kuanzia siku ya Krismasi yenyewe. Siku hiyo watoto hukusanyika, wakacheza kuuzunguka mti wa Krismasi mara ya mwisho na kuuvua mapambo yake, na nyumba ya mkate huvunjwa ikaliwa na wote waliopo.

Mtoto aliyeipamba kwa siku nyingi huenda akalia. Lakini asipokubali ivunjwe, itakaa mpaka iingie chungu na mende, isimfae mtu. Sisi tunaokaribia Meza ya Bwana twalijua jambo hili. Mkate usiomegwa haumlishi mtu. Bwana wetu aliyezaliwa Bethlehemu, mji ambao jina lake maana yake ni Nyumba ya Mkate, alijitoa amegwe kwa ajili yetu. Tuwafundishe watoto tangu utoto kwamba kitu kizuri tulichopewa tumepewa ili tugawane.

7. Tufanye nini sisi?

Hatusemi kila nyumba inunue sukari na asali. Vitu ni ghali, na sikukuu haipimwi kwa peremende. Mwenye nafasi na ajaribu. Asiye na lozi atumie karanga, na asiye na tanuri apalie makaa. Lakini iko kazi ambayo kila jamaa yaweza kuifanya pamoja: kupaka chokaa ukuta wa mbele, kufinyanga ng'ombe na kondoo wa udongo kwa ajili ya hori la mtoto Yesu, kusuka majani ya mnazi ya kupambia mlango, kukanda na kukata maandazi ya asubuhi ya Krismasi. Twashauri haya:

Chagueni jioni moja katika kila juma la Majilio, na baba awepo.

Kila mmoja apewe kazi anayoiweza, na mdogo kuliko wote asikose yake.

Kazi ya mtoto isirekebishwe kwa siri akisha lala. Ikipinda, na ipinde.

Mwalikeni mmoja asiye na jamaa: mjane, mwanafunzi aliye mbali na kwao, au yatima wa jirani.

Kilichotengenezwa kigawiwe. Kama ni chakula, sehemu ya kwanza ipelekwe kwa mgonjwa.

Maswali ya kuzungumza nyumbani

Ni kazi gani ya mwisho tuliyoifanya sote pamoja, na ilikuwa lini?

Je, mtoto wetu akipewa kitu kitamu na mtu nje, atatuambia? Kama sivyo, kwa nini?

Wakuu wa Watekoa walikataa kuinama. Kwetu nani huinama, na nani hukataa?

Ni kitu gani kimevunjika katika nyumba yetu ambacho twaweza kuanza kukijenga tena kabla ya Krismasi?

Sala

Ee Bwana Yesu, uliyekua nyumbani mwa seremala ukajifunza kazi mikononi mwake, ingia katika nyumba zetu. Utupe subira ya kungoja, unyenyekevu wa kufanya kazi pamoja na wadogo, na moyo wa kuanza upya kilipobomoka. Uwalinde watoto na kila mlango wenye hila. Uwakumbuke wote ambao jasho lao limetuletea chakula. Na utakapokuja, utukute pamoja. Amina.